Simu inasikia, haisikiki

Nimefunga wi-fi ya wageni kwenye makumbusho kadhaa ya pwani ya Kenya, na mazungumzo huanzia palepale kila mara: "Fundi, tuongezee spidi." Msimamizi wa makumbusho moja, nyumba ya kale ya mawe, alikuwa ameshapandisha kifurushi mara mbili kabla hajaniita. Nilichomeka kompyuta yangu kwa waya kwenye ruta, kile kisanduku kinachorusha wi-fi, iliyokuwa mlangoni: megabiti 94 kwa sekunde, kati ya 100 alizolipia. Nikaingia chumba cha ndani kabisa. Simu ikaonyesha pau mbili, ukurasa haukufunguka.

Aliyekuwa na makosa ni nyumba.

Nyumba hizi ni za matumbawe na chokaa, ukuta unene wa karibu nusu mita. Upana wa chumba nao uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko una urefu wake, na dari ni nzito, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka daka, yaani ukumbi wa mlangoni, hadi ndani. Mgeni akipiga hatua chache ameshavuka ukuta mwingine. Mawimbi ya wi-fi ya 5 GHz huchoka upesi kuliko ya 2.4 GHz, ila hata hayo ya 2.4 hufika ndani yakiwa hoi.

Wengi hukimbilia ruta ya antena sita. Hiyo ni kama spika ya msikitini: adhana unaisikia ukiwa barazani kwako, lakini ukimwita muadhini kutoka hapo, hakusikii. Simu ina sauti ndogo. Inaisikia ruta vizuri na pau zinajaa, ila yenyewe haisikiki, na mgeni anabaki kuulaumu mtandao.

Mimi huweka vituo vidogo vingi vya kurusha wi-fi na kuvipunguzia nguvu, ili simu ishike kilicho karibu nayo na iachane na cha mlangoni. Waya mmoja hubeba data na umeme pamoja, mradi usizidi mita 100. Jengo likiwa linalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kibali kwanza, drili baadaye. Mara nyingi waya hufuata njia ya nyaya za zamani za umeme. Msimamizi yule alitaka kituo kimoja tukifiche ndani ya kidaka, lile shubaka la ukutani, kisionekane. Nilikataa. Kidaka kina jiwe pande tano, na isitoshe zidaka ndizo wageni walizokuja kuziona!

Tukaja kwenye ukurasa wa kujisajili. Ofisi ilitaka jina, uraia, barua pepe na namba ya simu, kisha mgeni atumiwe msimbo kwa SMS. Mtalii aliyeshuka melini Mombasa laini yake ya kwao ameizima asitozwe. Msimbo utamfikia wapi? Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye unachokihitaji tu. Tuliacha kitufe kimoja cha kukubali masharti, basi.

Kuna kosa jingine dogo linalotesa sana. Ruta nyingi huja na nafasi ya anwani za IP zisizozidi 253, yaani namba ambayo kila kifaa hupewa ili kitumie mtandao, na mara nyingi simu hupewa anwani ya saa 24. Mgeni amekaa saa moja, ameondoka, anwani yake imefungwa hadi kesho. Siku ya meli, kufika adhuhuri anwani zimekwisha, na wanaofuata wanaona "inaunganisha…" bila mwisho. Punguza muda uwe saa moja au mbili.

Mtandao wa wageni utenganishwe na wa kamera na malipo ya tiketi. Hili sijadiliani na mtu.

Kila simu niliipa megabiti 3, zinatosha kutuma picha WhatsApp. Sauti za maelezo ya vyumba, Kiswahili na Kiingereza, nilizihifadhi kwenye kompyuta ndogo mle mle ndani, zisipitie nje kabisa. Siku moja waya wa intaneti wa mtaani ukakatika tangu asubuhi. Msimamizi aliligundua hilo saa nane mchana, alipotaka kutuma barua pepe yake mwenyewe.