Picha ya Kuchapwa Si Feki

Nimeliona mara nyingi kwenye maonyesho ya sanaa hapa Nairobi: mtu anaipenda picha, anauliza bei, kisha akiambiwa imechapwa kwa skrini anairudisha mezani. "Kumbe ni kopi tu!" Si kopi, na inaniuma kwa sababu aliyeichapa amesimama palepale akisikia.

Msanii hukaza kitambaa chembamba kwenye fremu, na hiyo ndiyo skrini, akaziba sehemu zisizotakiwa kupitisha wino, kisha akausukuma wino kwa kipande cha mpira hadi ufike kwenye karatasi. Kila rangi huwa na skrini yake. Skrini ikisogea kidogo, karatasi imeharibika. Mafundi wa kuchapa fulana mjini wanaijua kazi hii vizuri. Msanii Mmarekani Andy Warhol alianza kuitumia mwaka 1962 huko New York, na makumbusho makubwa duniani yanazitunza picha zake za kuchapwa.

Uhalisi wa picha ya kuchapwa unatokana na idhini ya msanii. Tazama chini ya picha: 7/50 ni nakala namba 7 katika toleo la nakala 50, na kando yake huwa sahihi, mara nyingi ya penseli. Hivyo navyo huigwa, kwa hiyo dai risiti na barua ya msanii. Hata Banksy, msanii wa Uingereza anayechora kuta kwa kificho, ana ofisi iitwayo Pest Control ya kuthibitisha kazi zake. Sisi Nairobi tuna njia fupi zaidi: msanii mara nyingi yuko papa hapa mjini. Mpigie simu, umuulize alichapa nakala ngapi.