Maabara haijui kama kidonda kina maambukizi

Karatasi ya maabara imenifikia tena. Mgonjwa wa kisukari, kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, vimelea wanne wameota, na herufi R, yaani bakteria haisikii dawa hiyo, zimejipanga kutoka juu hadi chini. Barua iliyoambatana nayo inasema: "Maambukizi sugu, naomba dawa kali zaidi." Nafungua bandeji ya mguu. Kidonda ni kisafi, kingo zake zimezungukwa na sugu nene (ngozi iliyokomaa), hakuna uvimbe, hakuna joto, hakuna usaha. Huyu hana maambukizi. Ana kidonda.

Nimelieleza hili kwa simu na kwa barua mpaka nimechoka, sasa naliandika. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria. Changu, chako, hata goti la mtoto aliyeanguka na baiskeli. Ukipeleka maabara sampuli ya kidonda chochote, kitu kitaota. Maabara inakujibu swali moja tu, "nani yupo?", na jibu hilo halina maana kama wewe hujajibu kwanza kama kuna maambukizi.

Maambukizi hutambuliwa kwa macho na mikono. Tunatafuta angalau dalili mbili kati ya hizi: uvimbe au ugumu wa nyama kuzunguka kidonda, wekundu unaovuka nusu sentimita kutoka ukingoni, maumivu, joto, na usaha. Halafu uhakikishe si gauti, si mfupa uliovunjika, na si mguu wa Charcot, yaani mguu uliokufa ganzi ambao mifupa na viungo vyake vinaharibika, ambao huvimba na kuwaka moto bila bakteria hata mmoja.

Shida ni kwamba vigezo hivi vinasomeka kana kwamba ngozi zote ni nyeupe na miguu yote ina hisia. Kwenye ngozi nyeusi huuoni wekundu. Unaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, ngozi imekaza na inang'aa. Mimi huweka mgongo wa kiganja kwenye mguu mmoja, kisha mahali palepale kwenye mguu wa pili, na tofauti ya joto huniambia zaidi kuliko macho. Na maumivu? Mtu ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika anaweza kutembea siku nzima na msumari ndani ya kiatu. Ila mguu uliokufa ganzi kwa miaka ukianza kuuma ghafla, naogopa. Mguu usiopata damu ya kutosha nao unaweza kuoza bila kuvimba wala kuwa na joto. Kwa hiyo ndiyo, wako wagonjwa ninaowaandikia dawa nikiwa na dalili moja na nusu, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa tuje kwenye kile kijiti cha pamba ambacho wengi huchukulia sampuli.

Kijiti kinachopitishwa juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa huokota wapangaji wa juujuu: Staphylococcus epidermidis, Corynebacterium, Enterococcus, na mara nyingi Pseudomonas aliyenogewa na unyevu wa bandeji. Ni sawa na polisi kukamata kila aliyesimama eneo la tukio. Mhusika yuko chini, ndani ya nyama, na wale bakteria wasiovumilia hewa wanaweza kufa njiani kabla maabara haijawaona. Ukitaka sampuli yenye maana, osha kidonda kwa maji ya chumvi, kata sugu na nyama mfu, osha tena, halafu kwangua kipande cha nyama kutoka kwenye kitako cha kidonda. Kitie kwenye chombo kilichotakaswa. Si fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama inayoua bakteria! Nimeshaona kipande kizuri cha mfupa kikiogeshwa kwenye fomalini, kisha maabara ikalaumiwa kwamba hakuna kilichoota. Fomu nayo ijazwe: nyama imetoka wapi, na mgonjwa alimeza dawa gani wiki zilizopita. "Usaha wa mguu" si maelezo.

Jibu likirudi na majina manne, usitafute dawa ya kuwapiga wote wanne. Staphylococcus aureus na streptokokasi wa aina ya beta-hemolitiki (wanaopasua chembe nyekundu za damu) usiwapuuze kamwe, hao ndio wahusika wakuu. Wengine wanahitaji kujadiliwa. Mara nyingi ukimwondoa mkubwa, wadogo huondoka wenyewe, na kama mgonjwa anapata nafuu kwa dawa ambayo karatasi inasema haifai, amini mguu, achana na karatasi.

Kuchagua dawa huanza na ukali wa maambukizi. Wekundu usiofika sentimita 2, ngozi tu, mgonjwa hajatumia antibayotiki karibuni: huyo ni wa stafilokokasi na streptokokasi. Sefaleksini au kloksasilini ya kumeza inatosha. Ikiwa penisilini inamdhuru, kuna klindamaisini au doksisaiklini. Maambukizi yakivuka sentimita 2 au yakizama hadi kwenye kano, kiungo au mfupa, hasa kidonda cha siku nyingi kilichokwisha kulishwa dawa, ongeza dawa inayowapiga E. coli, Proteus na jamaa zao. Nyama imekuwa nyeusi na inanuka, fikiria wasiovumilia hewa. Homa inayozidi nyuzi 38, mapigo ya moyo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika: mbili kati ya hizo na mguu wenye maambukizi ni dharura, dawa za mshipani na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Jipu lililofungwa halisikii dawa, liwe la mfalme au la maskini.

Ninachokutana nacho badala yake ni siprofloksasini na metronidazoli, kwa kila mguu, kila wakati, kama vile ni sheria. Tuutazame mchanganyiko huu taratibu. Siprofloksasini ni dhaifu kwa streptokokasi, na stafilokokasi hujenga usugu dhidi yake upesi. Metronidazoli haiwagusi kabisa, kazi yake ni kwa wasiovumilia hewa. Kwa hiyo wahusika wawili wakubwa wa mguu wa kisukari umewaacha wakitembea, na umeziba milango ambayo pengine haikuwa na mtu. Juu ya hapo siprofloksasini inaweza kudhuru kano za mgonjwa, na akiwa anameza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, sukari inaweza kumshuka ghafla. Kuna na jamaa wa pili, anayempa mgonjwa amoksilini-klavulanati kisha anaongeza metronidazoli "kwa ajili ya harufu". Amoksilini-klavulanati tayari inawaua wasiovumilia hewa. Ulichomwongezea mgonjwa ni ladha ya chuma mdomoni.

Pseudomonas ananisumbua kwa namna nyingine. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la SIDESTEP, lililolinganisha antibayotiki mbili, ertapenemu na piperasilini-tazobaktamu, kwa wagonjwa 586 wenye maambukizi ya mguu wa kisukari. Ertapenemu haimwezi Pseudomonas wala Enterococcus. Hata hivyo matokeo yalikaribiana, wakiwemo wagonjwa walioota bakteria haohao. Ina maana mara nyingi ni mpita njia tu. Mara nyingi, lakini si zote, na hakuna kipimo kinachonionyesha leo ni mpita njia au ni mhusika mwenyewe. Kwenye nchi za joto huota zaidi, na kwa watu wanaoloweka miguu majini vilevile. Mimi humlenga akiwa ameota kwenye nyama, si kwenye pamba, ndani ya wiki chache zilizopita, na maambukizi yakiwa ya wastani au makali. Mwenzangu mzuri tu wa kazi hamvumilii Pseudomonas hata kidogo. Sijaona ushahidi wa kutosha kumnyamazisha, wala yeye kuninyamazisha mimi.

Halafu sindano. Wagonjwa, na wauguzi pia, huamini kwamba ya sindano ni kali kuliko ya kumeza. Jaribio la OVIVA la Uingereza, lililotoka mwaka 2019, lilichukua watu zaidi ya 1,000 wenye maambukizi ya mifupa na viungo. Waliohamia vidonge mapema hawakufanya vibaya kuliko waliobaki na dawa za mshipani. Kama dawa inafyonzwa vizuri na bakteria anaisikia, njia iliyopitia si hoja.

Muda je? Nyama laini, wiki 1 hadi 2. Mfupa ambao haukukatwa, kama wiki 6. Ukikatwa na kingo zilizobaki bado zina bakteria, hadi wiki 3. Namba hizi zimeandikwa kwa kujiamini kuliko ushahidi wake, nyingi ni makubaliano ya wataalamu mezani. Kuujua mfupa wenyewe pia kuna mtego: eksirei inaweza kuwa safi wiki 2 au 3 za mwanzo, kwa hiyo ingiza kifaa butu cha chuma kilichotakaswa ndani ya kidonda, na kikigonga kitu kigumu, piga picha leo na urudie baadaye.

Dalili za maambukizi zikiisha, nasimamisha dawa, hata kidonda kikiwa bado wazi. Hapo simu hulia. "Daktari, mbona umekatisha dozi na hakijapona?" Dozi ilikuwa ya bakteria. Kidonda chenyewe kinasubiri mambo mengine: mguu kutobebeshwa uzito wa mwili, sugu kukatwa kila wiki, sukari kushuka, damu kufika. Nisipohisi mapigo ya mshipa juu ya mguu wala nyuma ya kifundo, barua ninayoandika inakwenda kwa mpasuaji wa mishipa ya damu, si kwa famasia.