Sekunde za Mlangoni

Daladala aina ya Kosta ilisimama, mama akashika chuma cha mlangoni, akajivuta, akashindwa, akajaribu tena. Ilikuwa Tabata, Dar es Salaam, saa moja na nusu asubuhi, tunakwenda kliniki. Ngazi ya kwanza ya gari ile ilikuwa juu, karibu usawa wa goti lake, na goti lenyewe ndilo lililokuwa linatupeleka kliniki.

"Bi mkubwa, twende twende, trafiki anatuangalia," konda akasema, huku amemshika kiwiko. Hakusema kwa ukali. Mama akamjibu akiwa bado na mguu mmoja hewani: "Mwanangu, goti langu halina gia."

Gari zima likacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, tayari kumdaka, lakini pia nilikuwa nahesabu sekunde kimoyomoyo. Ni ugonjwa wa kazi. Nimesomea uhandisi wa usafiri wa mijini, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusimama vituoni na saa mkononi, nikiangalia milango ya mabasi.

Ndiyo, milango. Mazungumzo ya usafiri endelevu huanzia kwenye injini: gesi au umeme? Dar es Salaam bajaji zinapanga foleni kwenye vituo vya kujaza gesi, Nairobi mabasi ya umeme yameanza kubeba abiria tangu 2022. Mambo mazuri, sina ugomvi nayo. Ila mara nyingi mtu mwenye uwezo wa kununua gari anaamua alinunue au aendelee kupanda basi akiwa kituoni, pale mlangoni, na hapo hajui wala hajali injini inakunywa nini.

Nikupe hesabu ndogo. Chukua gari lenye mlango mmoja mwembamba. Kituoni wanashuka watu 20 na wanapanda 20, kila mmoja anatumia sekunde 2. Hizo ni sekunde 80. Sasa chukua basi refu lenye milango mitatu mipana, kila mlango unapitisha watu wawili kwa pamoja, sakafu ya basi iko sawa na sakafu ya kituo, mtu anatumia sekunde 1. Watu walewale 40 wanamalizika kwa sekunde 7. Barabara haikupanuliwa hata sentimita moja, na dereva hakukanyaga mafuta zaidi.

Ndiyo maana vituo vya mwendokasi, mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam ulioanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, vilijengwa vile vilivyo. Kituo kimeinuliwa kikawa usawa wa sakafu ya basi. Tiketi inakatwa kabla hujafika basi lilipo. Vituoni kuna njia ya kupitana, ili basi la haraka lisikwame nyuma ya linaloshusha. Wengi hudhani siri ya mfumo huu ni ile njia ya peke yake, ambayo magari mengine hayaruhusiwi kupita. Njia ni nusu ya hadithi. Ukiweka mabasi ya ngazi na mlango mmoja kwenye njia ya peke yake, foleni inahama tu: inatoka barabarani inakwenda kituoni.

(Kwenye suala la tiketi, makonda wetu hawajawahi kupewa heshima yao. Konda anakusanya nauli gari likiwa linatembea, kwa hiyo malipo hayaongezi hata sekunde moja mlangoni. Kuna miji tajiri ambako abiria bado wanapanga mstari mbele ya dereva kulipa mmoja mmoja.)

Sasa tuje kwenye jambo ambalo abiria hulilalamikia kuliko yote: unasubiri weee, halafu yanakuja mabasi mawili kwa mpigo. La kwanza limejaa hadi watu wamebanwa na mlango, la pili lina viti vitupu. Wanasema ni uzembe wa madereva. Uzembe upo, sikatai, lakini hata ukiwapa malaika usukani jambo hili litatokea. Basi likichelewa kidogo, linakuta watu wengi zaidi kituoni. Wengi wakipanda, linakaa muda mrefu zaidi. Likikaa, linachelewa zaidi, na kituo kinachofuata kinakuwa na watu wengi kuliko kile cha nyuma. Lile la nyuma yake linakuta watu wachache, linaondoka mapema, mwishowe linamfikia mwenzake. Wanatembea kama kumbikumbi.

Hasara yake si ndogo. Mabasi yakija kila baada ya dakika 5, wewe unayefika kituoni bila kuangalia saa utasubiri kwa wastani dakika 2 na nusu. Mabasi yaleyale yakija mawiliwawili kila dakika 10, utasubiri dakika 5. Madereva ni walewale, dizeli ni ileile, lakini muda wako wa kusubiri umezidishwa mara mbili. Na anayesubiri zaidi ya wote ni yule asiyeweza kugombania: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, mtu wa magongo, mwenye kiti cha magurudumu. Lile la kwanza limejaa, hawezi kuingia. La pili dereva wake anaona mwenzake kasimama mbele, anapitiliza.

Dawa yake haipendwi. Mtu wa zamu anayesimamia mabasi anatakiwa alizuie lile la nyuma dakika moja au mbili ili nafasi kati ya mabasi irudi sawa. Abiria waliomo ndani wanapiga kelele, "Dereva, mbona hatuondoki?" Siku nyingine ukikaa kwenye basi lililosimama bila sababu unayoiona, huenda kuna mtu wa zamu anawatendea haki walioko vituo kumi mbele.

Kwenye daladala dawa hiyo haifanyi kazi, na sababu ni hesabu ya bosi. Dereva na konda wanatakiwa kupeleka kiasi fulani kila siku kwa mwenye gari; kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Gari lisilojaa ni hasara yao binafsi. Kwa hiyo linakaa kituoni injini inaunguruma, mpiga debe anaita, linakatisha ruti likiona mbele hakuna watu. Mwanafunzi analipa chini ya nusu ya nauli ya mtu mzima, kwa hiyo asubuhi anaachwa. Tunamlaumu konda kwa roho mbaya, wakati ule mkataba wake ungemfanya hata shehe akimbie wanafunzi. Palipo na malipo kwa kilomita gari ilizotembea, badala ya vichwa ilivyobeba, sababu ya kumwacha mwanafunzi inaondoka.

Turudi kwenye sakafu. Kituo kuwa usawa wa basi hakutoshi kama basi halisogei karibu. Pengo la kiganja kimoja mtu mzima analivuka bila kulitazama. Likifika urefu wa mkono hadi kiwiko, gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu linadumbukia, na mtoto anarukishwa kwa kushikwa mkono. Dereva anaogopa kuchubua tairi na bodi, na anajua atakayeulizwa kuhusu bodi ni yeye. Kuna tiba rahisi kwenye mifumo mingi ya namna hii: bamba dogo linalokunjuka mlangoni na kuziba pengo, au ukingo laini wa kituo ambao tairi linaweza kuugusa bila madhara. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, lakini sheria haipimi pengo kila asubuhi. Anayelipima ni msimamizi mwenye futi mkononi, na huyo lazima mtu amlipe.

Kisha kuna maji. Barabara ya Morogoro inapita bonde la Msimbazi pale Jangwani, na karakana ya mabasi ilijengwa humohumo bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, barabara hufungwa, na mfumo uliotegemea uti mmoja wa mgongo unakatika katikati. Huo mpangilio wa dakika 5 nilioueleza hapo juu, siku hiyo usiuote.

Mimi ningeulizwa tuanze na nini, nisingetaja basi jipya. Ningejenga kwanza vibaraza vya zege kwenye vituo vya daladala, ili ile ngazi ya kwanza ishuke nusu. Ni saruji, kokoto na fundi, hakuna sherehe ya kukata utepe, na pengine ndiyo maana hakuna anayevijenga.

Mama ameshatafuta njia yake. Kliniki ameomba wampangie saa tano. Anatoka nyumbani saa nne, watu wameshakwenda makazini, konda ana muda wa kumshika mkono, na anarudi kabla ya saa tisa. Juzi alinipigia akiwa kituoni, akaniambia basi limekuja tupu na dereva amemsubiri mpaka akakaa. Nikamuuliza, ilichukua sekunde ngapi? Akakata simu.