Kujipiga picha kwa mtindo wa michoro ya kale: maana yake

Ni picha ambayo mpiga picha ndiye pia aliyekaa mbele ya kamera, huku mwanga, mkao, nguo na vitu alivyoshika vikiwa vimeazimwa kutoka michoro ya rangi ya karne zilizopita. Selfi husema "niko hapa". Picha hii huuliza: je, ningekalia kiti kile, mchoraji angenichoraje?

Kunakili si lazima kuwe kamili. Mmarekani Cindy Sherman, katika picha zake za 1988 hadi 1990, alijibandika pua na vifua vya bandia akaacha mshono uonekane wazi. Omar Victor Diop wa Senegal alienda mbali zaidi mwaka 2014. Alijiweka katika nafasi ya Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akawa mbunge Ufaransa, na ambaye mchoraji Mfaransa Girodet alimchora mwaka 1797 akiegemea sanamu ya kichwa cha mwanafalsafa. Mavazi ya Diop ni ya enzi ile, ila ameshika mpira wa miguu. Mpira huo mmoja unamleta mchezaji Mwafrika wa leo, anayeshangiliwa na kutukanwa katika viwanja vya Ulaya. Ukiuondoa, inabaki picha ya mtu aliyevaa vizuri tu.

Gharama nayo isikutishe. Msanii Mmarekani Nina Katchadourian alianza mfululizo wake wa picha kama hizi mwaka 2010 ndani ya choo cha ndege, kwa simu, akiwa amejifunika kichwani karatasi ya kukalia choo. Kwenye kioo alifanana na mwanamke wa michoro ya kale ya Flanders, eneo ambalo leo liko hasa Ubelgiji.

Tuseme uko Kisumu, una chumba chenye dirisha moja, na umechagua mchoro wa Jan van Eyck wa 1433, mwanamume mwenye kilemba chekundu. Kitambaa cha kilemba na cha nyuma utavipata kwenye mitumba ya Kibuye. Pazia zito lisilong'aa ni bora kuliko satini. Wengi huishia kwenye kilemba, na hapo ndipo picha inapofanana na sherehe ya shule. Kazi kubwa ni mwanga.

Vitabu husifu dirisha la kaskazini, lakini huo ni ushauri wa Ulaya, ambako jua halipiti upande huo. Hapa tuko karibu na ikweta: jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba, kwa hiyo dirisha huchaguliwa kwa msimu na saa. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa katoni ili mwanga ushuke kutoka juu, kisha kaa mita moja hivi kando yake. Geuza uso taratibu mpaka shavu la upande wa giza lipate pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Isipotokea, umegeuka kupita kiasi au mwanga uko chini mno. Ukuta wa kijani ulio karibu utakutia ukijani shavuni; ufunike.

Simu iwe kwenye stendi, mita mbili kutoka kwako, ukitumia kamera ya nyuma na taimu ya sekunde 10. Ukiinyoosha kwa mkono, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, kwani lenzi pana iko karibu mno. Zima flashi na kile kilainisha-ngozi. Simu ikiona kitambaa cheusi kimejaa fremu, hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, uso ukapauka kama umepakwa majivu. Mwambie mwenzako akae mahali pako, ubonyeze uso wake kwenye kioo cha simu mpaka mwanga ujifunge, kisha upunguze mwanga huo kama hatua moja, yaani ubaki karibu nusu.

Kwa ngozi nyeusi, usitumie kitambaa cheusi tii: nywele na mabega humezwa. Kahawia au kijani kilichokolea hufaa, kikisogezwa mpaka kipate mwanga kidogo upande ule uso ulipo gizani. Mafuta kiasi kwenye paji na mfupa wa shavu huipa ngozi mng'ao.

Ukitaka mikono ionekane, ipange mwisho, vidole vimelegea na kiganja kikionekana kwa ubavu, kwa sababu mkono uliokakamaa ndio hufichua kwamba ulikuwa ukihesabu sekunde za taimu.