Keshia au mashine ya kujihudumia? Pima foleni yako kwanza

Mwenye supamaketi wa hapa Dodoma akitaka mashine za wateja kujihudumia, swali lake la kwanza huwa bei. La kwangu huwa foleni. Chukua simu yenye saa ya kupimia, simama karibu na kaunta jioni ya siku ambayo mishahara ya serikali imeingia, upime wateja 30. Andika kila kimoja peke yake: sekunde za kuskani, sekunde za kulipa, sekunde za kufungasha. Bila namba hizo tatu utanunua mashine ya kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Mashine haiskani haraka kuliko keshia. Keshia mzoefu anajua bakodi ya mafuta ya kula iko upande gani wa chupa. Mteja anaizungusha chupa mara tatu. Faida ya mashine ni kwamba mhudumu mmoja anaweza kusimamia vituo vinne vya kulipia kwa wakati mmoja. Akisimamia sita, taa nyekundu za kumwita zinawaka nyingi kuliko miguu yake.

Fanya hesabu hii. Ukipata wateja 90 kwa saa na kila mmoja anatumia dakika 2 kaunta, hiyo ni kazi ya dakika 180 ndani ya saa moja. Kaunta tatu zitafanya kazi bila kupumua na foleni bado itarefuka, kwa sababu wateja hawaji kwa zamu, wanakuja kwa mafungu. Unahitaji ya nne. Lakini ukiweka wafungashaji, na kila mteja akaokoa sekunde 30, kazi inashuka hadi dakika 135, na kaunta tatu zinatosha na nafasi inabaki. Wamiliki wengi hawapendi jibu hili kwa sababu halina skrini.

Kama ulichopima kinaonyesha muda unaliwa na malipo, chunguza ni malipo gani. Kwa fedha taslimu tatizo ni chenji. Droo ya kuanzia zamu yenye shilingi 100,000 igawe hivi: noti za 5,000 sita, za 2,000 kumi na tano, za 1,000 ishirini, sarafu za 500 ishirini na nne, za 200 ishirini na tano, za 100 ishirini na tano, na za 50 kumi. Keshia anayetoka kwenda kuomba chenji duka la jirani anaharibu saa nzima. Mashine inayopokea na kurudisha taslimu ipo, lakini ni ghali, na noti chakavu zilizokunjwa kwenye khanga inazitema. Ushauri wangu: vituo vya kujihudumia viwe vya simu na kadi tu, na bango liseme hivyo kabla mteja hajaingia kwenye mstari.

Kwa simu, mashine lazima iunganishwe na mfumo wa malipo ili ijue yenyewe kuwa fedha imeingia. Mteja anaandika namba yake, ombi linamjia kwenye simu, anaweka namba ya siri, mashine inatoa risiti. Kama mpango wako ni mteja alipe lipa namba kisha amwonyeshe mhudumu ujumbe, acha kabisa. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja.

Sasa mizani, ambayo ndiyo chanzo cha kelele nyingi. Chini ya eneo la kuwekea bidhaa zilizoskaniwa kuna mizani inayolinganisha uzito ulioongezeka na uzito ulioandikwa kwenye mfumo. Visipolingana, mashine inasimama na kumwita mhudumu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wateja wanakuja na mifuko yao na vikapu vya ukili, na kikapu kikiwekwa hapo mashine inadhani ni bidhaa ya kuibwa. Weka kitufe cha “nina mfuko wangu” kwenye skrini ya kwanza kabisa, kiifanye mizani ianze kusoma upya kabla ya kuskani. Pakiti ndogo za viungo nazo zinasumbua: ni nyepesi mno, mizani haizihisi, kwa hiyo zizimie ukaguzi wa uzito. Unga wa wasindikaji wadogo hutofautiana gramu kadhaa kutoka mfuko hadi mfuko. Pima mifuko kumi, uweke wastani, na upanue kiwango kinachovumilika.

Bidhaa unazofungasha mwenyewe, kama mchele, nyama au zabibu, zinahitaji lebo ya mizani. Bakodi yake ina tarakimu 13 na huanza na 2, fungu lililotengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Mfano: 21, kisha namba ya bidhaa 00457, kisha uzito 01250, yaani kilo 1.25, kisha tarakimu ya uhakiki 7. Weka uzito, usiweke bei. Mizani nyingi hutoka kiwandani zimepangwa kwa fedha yenye senti, na tarakimu tano zikiwa na senti mbili zinaishia 999.99. Kwa shilingi yetu hiyo haitoshi hata robo ya nyama. Mizani hii ya kuuzia, tofauti na ile ya ulinzi, iwe na alama ya Wakala wa Vipimo.

Kuna wateja ambao mashine haiwafai. Dodoma ni mji wa ofisi: anayenunua sukari na majani ya chai ya idara anataka risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina la taasisi na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na hiyo anaiandika keshia kwa haraka. Mwenye chupa ya mvinyo lazima mtu amwone kuwa ametimiza miaka 18. Mwenye toroli lililojaa atauziba mstari wa wenye soda na mkate. Kwa hiyo weka kikomo cha bidhaa 10, foleni moja kwa vituo vyote vinne, na kaunta za keshia zisipungue mbili saa yoyote. Booths, maduka ya kaskazini mwa Uingereza, yaliondoa mashine hizi karibu kote mwaka 2023, na wale hawana shida ya chenji wala ya EFD.

Umeme: kituo kimoja kikitumia takriban wati 150, vinne ni 600. UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, iliyoandikwa VA 1,000 mara nyingi hutoa wati 600 tu, hivyo inaanza ikiwa imeshiba. Nunua ya VA 2,000, ikupe muda wa kutosha jenereta kuwaka.

Halafu vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, kioo cha skana kifutwe kila zamu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kamwe si kwa sabuni ya unga, maana inakikwaruza na skana inaanza kuruka bakodi. Kichwa cha printa kisafishwe kwa spiriti kila unapobadilisha rola la karatasi, printa ikiwa imezimwa na imepoa.