Korona ikiondoka na harufu: maswali na majibu kutoka Arusha na Moshi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi chenyewe hakikufunga virago. Bado mtu anaweza kuamka asubuhi, akamimina chai ya tangawizi na kukuta kikombe hakina harufu yoyote. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara kwa mara.

Dokta, shikamoo. Pua haijaziba na sina makamasi. Mbona sisikii harufu?

Marahaba. Mafua ya kawaida mara nyingi huziba njia: hewa yenye harufu haifiki inakotakiwa, na pua ikizibuka mambo yanarudi. Korona hufanya kazi tofauti. Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna utando mdogo wenye seli za fahamu zinazonasa harufu na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Kirusi hakizivamii sana seli hizo, kwa sababu kipokezi kiitwacho ACE2, ambacho ndicho mlango wake wa kuingilia, kiko zaidi kwenye seli za jirani zinazozilisha na kuzisafisha. Mfikirie mama lishe mzima wa afya ambaye wasaidizi wake wote, wa kuchota maji, kuosha vyombo na kukoleza mkaa, wameugua siku moja. Chakula hakitoki, ingawa mpishi hajaugua.

Ndiyo sababu harufu hukatika ghafla, wakati mwingine kabla hata ya kikohozi. Na ndiyo sababu kwa wengi hurudi, kwani seli za utando huo, zikiwemo zile za fahamu, zina uwezo wa kuzaliwa upya.

Mbona 2020 hatukuambiwa kuhusu pua?

Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapa hapa Arusha, akiwa ameingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Wakati huo matangazo yalitaja homa, kikohozi na kupumua kwa shida. Taarifa za pua zilikuja baadaye kidogo. Uingereza, kwa mfano, iliingiza upotevu wa harufu kwenye orodha yake rasmi tarehe 18 Mei 2020. Tangu aina ya Omikroni ienee, dalili hii imepungua. Kwa hiyo kusikia harufu vizuri si ushahidi kwamba huna korona, na kutosikia pia si ushahidi kamili kwamba unayo. Kipimo ndicho kinachoamua. Ukiwa unasubiri majibu, vaa barakoa na usikae karibu na babu na bibi.

Itarudi lini?

Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2022 zilionyesha kuwa karibu robo tatu ya waliopoteza harufu waliipata tena ndani ya mwezi mmoja, na takribani 9 kati ya 10 ndani ya miezi mitatu. Mtu 1 hivi kati ya 20 hubaki na tatizo la muda mrefu. Hata kwa hao, wapo wanaopona baada ya mwaka na zaidi, taratibu sana.

Bibi yangu wa Marangu anasema nipige nyungu.

Bibi aheshimiwe. Mvuke unaweza kulegeza makamasi na kukupa nafuu kama pua imeziba. Lakini hauui kirusi, na hauponyi utando uliojeruhiwa. Hofu yangu kubwa ni sufuria yenyewe: maji ya moto chini ya blanketi yamewaunguza watu wengi, hasa watoto. Kama lengo ni kusafisha pua, maji ya chumvi yanafaa zaidi, ila yawe yamechemshwa kwanza kisha yakapoa.

Nikinusa Vicks naisikia vizuri. Si maana yake nimepona?

Hapana, na swali hili huwapotosha wengi. Ule ubaridi wa Vicks, au mwasho wa pilipili ikikaangwa, hubebwa na mshipa mwingine wa fahamu, ule unaohisi maumivu, joto na baridi usoni. Mtu asiyesikia harufu hata kidogo bado atatokwa na machozi akikata kitunguu. Jipime kwa kitu kisichowasha: majani ya chai, iliki, sabuni ya kuogea.

Basi kuna dawa gani?

Kwanza zile za kuepuka. Usinunue dukani vidonge vya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini, ukajitibu mwenyewe. Vinapandisha sukari na shinikizo la damu, na faida yake kwa tatizo hili haijathibitika. Vidonge vya zinki navyo havijaonyesha msaada wa maana, na zinki ya kupaka au kupuliza puani inaweza kuharibu uwezo wa kunusa moja kwa moja.

Kinachopendekezwa zaidi na madaktari wa pua ni mazoezi ya kunusa. Yalifanyiwa utafiti Dresden, Ujerumani, na matokeo yakachapishwa 2009, miaka kumi kabla ya korona, kwa watu waliopoteza harufu kwa sababu mbalimbali. Walitumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Ukiniuliza, ni kana kwamba orodha hiyo iliandikwa na mtu wa huku kwetu! Karafuu na limau utazipata Soko la Kilombero kwa pesa kidogo, mikaratusi imejaa kandokando ya mashamba, na maua ya waridi nayo yanapatikana.

Weka kila kimoja kwenye kikopo chake chenye kifuniko. Ponda kidogo majani ya mkaratusi, na limau tumia ganda lake. Asubuhi na jioni, nusa kila kikopo kwa sekunde kama 20, taratibu, bila kuvuta kwa nguvu, huku ukijikumbusha harufu hiyo ilikuwaje: karafuu kwenye pilau, limau kwenye chai. Usirukeruke, pumzika kidogo kati ya kikopo na kikopo. Badilisha vilivyokauka. Endelea angalau miezi mitatu. Wiki za kwanza utajiona unapoteza muda, na hapo ndipo wengi huacha. Hayamponyi kila mtu, ila hayana madhara na gharama yake ni ndogo mno.

Harufu imeanza kurudi, lakini kahawa inanuka kama mpira unaoungua. Nimeharibika?

Hujaharibika. Seli mpya zinapojiunga upya na ubongo, taarifa hufika nusunusu, na ubongo husoma vibaya. Vinavyosumbua zaidi ni kahawa, kitunguu, kitunguu saumu, nyama ya kukaanga au kuchoma, na mayai. Kwa mtu wa Moshi, kuchukia kahawa na nyama choma kwa pamoja ni msiba mdogo, na nyumbani wanaweza kudhani anajidai. Wasimlazimishe. Chakula kikipoa hutoa harufu kidogo, hivyo mtindi, ndizi mbivu, parachichi, au mtori uliopoa usiotiwa kitunguu vinaweza kupita. Mara nyingi hali hii huja wakati wa kupona, ingawa inaweza kudumu miezi.

Niongeze chumvi ili chakula kiwe na ladha?

Usiongeze. Ulimi wenyewe hutambua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na utamu wa mchuzi wa nyama; mengine tunayoyaita ladha hutoka puani. Chumvi zaidi itakupandishia presha na ladha haitarudi. Tia ndimu, karanga za kutafuna, pilipili kama tumbo linaikubali.

Kuna hatari gani nyumbani?

Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue. Wewe hutajua. Paka povu la sabuni pale mpira unapoungana na mtungi. Ukiona mapovu yanavimba, funga mtungi, fungua milango, usiwashe kiberiti wala swichi. Usiku funga mtungi kila siku. Chakula kilicholala mpe mwingine anuse kabla hujala. Na jiko la mkaa lisilale ndani hata baridi ya Julai ikizidi: hewa yake ya sumu haina harufu kwa mtu yeyote, mzima au mgonjwa.

Nimwone daktari lini?

Ukimaliza mwezi bila mabadiliko, anzia kituo cha afya ulichozoea, nao watakuelekeza kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, wana idara hiyo. Usisubiri mwezi kama pua inatoka damu, tatizo liko upande mmoja tu, au harufu ilipotea baada ya kuanguka na bodaboda na kugonga kichwa. Ukienda, taja kila unachotumia puani, hata matone ya kuzibua uliyonunua mwenyewe. Yakitumika zaidi ya wiki, matone hayo huanza yenyewe kuiziba pua.