Samaki malisho si chambo

Mzee mmoja mwenye bwawa dogo la kuvulia karibu na Mukono, Uganda, alinipigia simu akilalamika: "Mwanangu, wale samaki wa chambo wamenigeuka." Bwawa lake si la biashara. Jumapili wajukuu na wageni huja na ndoano zao, wakakaa chini ya miembe mpaka jua lizame. Alikuwa ameweka sangara wachache, ambao Waganda huwaita mputa, kwa kuwa maji ya chemchemi hupita mle bila kukoma. Sangara hawavumilii maji yaliyopungukiwa hewa. Akasikia kwamba sangara wanahitaji samaki wadogo wa kula. Akaenda kwa watotoleshaji wa vifaranga vya samaki, akaomba "samaki wa chambo", akauziwa kambare elfu mbili.

Muuzaji hakumdhulumu. Huku kwetu, kando ya Ziwa Victoria, samaki wa chambo ni kifaranga cha kambare. Wavuvi wa sangara hutega kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na kila ndoano hutungwa kambare mdogo aliye hai, maana kambare ana roho ngumu, hafi upesi. Wapo watu wanaofuga kambare kwa kazi hiyo tu. Mzee aliomba chambo, akapewa chambo. Ila hakikuwa chambo alichokihitaji.

Alichohitaji ni samaki malisho: samaki wanaoishi na kuzaliana ndani ya bwawa, na kuliwa humohumo na samaki wawindaji. Maana yake ni hiyo, haina zaidi. Linalonikera ni jinsi neno chambo linavyobebeshwa mzigo usio wake, mpaka watu wanatupa fedha majini.

Chambo ni hila. Kinakaa kwenye ndoano kumdanganya samaki kwamba kuna mlo, na ndiyo sababu hata binadamu akitumiwa kumnasa mwenzake tunasema ametumiwa kama chambo. Kazi yake huisha pale samaki anapouma. (Msafiri akifika Malawi achunge ulimi: kule chambo ni samaki mwenyewe, jamaa ya ngege (tilapia), tena anapendwa sana mezani.) Malisho hayana hila yoyote. Kula kumezaa kulisha, kulisha kukazaa malisho, na kila mfugaji wa Ankole analijua neno hilo bila kufungua kamusi: ni pale ng'ombe anapokula leo, na majani yakaota tena. Hata Waingereza, samaki hawa wanawaita kwa neno lao la majani ya mifugo, walilolichukua kwenye Kifaransa cha zamani. Kwa hiyo tukisema malisho hatubahatishi.

Mtu ataniuliza kwa nini nisiseme "samaki wa malisho". Nakataa hiyo "wa". Ng'ombe wa malisho ni ng'ombe anayekwenda malishoni kula; samaki wa malisho atadhaniwa ni samaki anayekula nyasi, nao wapo. Samaki malisho, basi, kama tusemavyo askari kanzu. Naona wengine wanacheka. Wacheke, lakini wamwulize yule mzee.

Kosa la pili ni kuliita malisho gunia la mukene. Mukene, au dagaa wa Ziwa Victoria, akishaanikwa Kiyindi au Katosi na kusagwa, ni chakula cha samaki. Ukiacha kununua, kimekwisha. Malisho yanajiotesha yenyewe, na hapo ndipo kambare anaposhindwa. Kambare hazai hovyo bwawani: porini husubiri mvua na mafuriko, na watotoleshaji humchoma sindano ya homoni ili atage. Wale elfu mbili, sangara walikula waliowawahi. Waliosalia wakanenepa wakapita kipimo cha midomo ya sangara, maana sangara humeza mzima, hatafuni. Kisha wao wenyewe wakaanza kuwinda. Malisho yaligeuka simba.

Ngege ndiye anayefaa kazi hii. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na baada ya miezi michache wale watoto nao wanazaa. Wafugaji wa kuuza nyama humchukia kwa tabia hiyo, kwani bwawa hujaa vijisamaki visivyokua. Katika bwawa la kuvulia ndiyo sifa yake. Lakini ukinunua vifaranga vya ngege, uliza kwanza. Vingi vinavyouzwa vimegeuzwa kuwa madume matupu kwa homoni, kwa ajili ya hao hao wafugaji wa nyama. Madume matupu hayazai. Nkejje, ambao Watanzania huwaita furu, nao wanafaa sana, kwa kuwa wengi wao hubaki wadogo hadi uzeeni. Si ajabu kwamba sangara alipoletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, wao ndio waliolika zaidi.

Malisho pia huchungwa yasiishe. Kule Marekani, H. S. Swingle, mtafiti wa samaki wa mabwawani huko Auburn, Alabama, alichapisha mwaka 1950 njia yake ya kupima: chukua uzito wa samaki malisho wote, ugawanye kwa uzito wa wawindaji wote. Mabwawa yaliyokaa sawa zaidi aliyaona kati ya 3 na 6. Samaki aliowapima si hawa wetu, kwa hiyo sisemi tuzikariri namba hizo. Ila angalia kwamba alipima pande zote mbili. Kwetu mtu huhesabu sangara tu. Weka matawi makavu kwenye pembe moja ya bwawa ili watoto wa ngege wajifiche na wengine wasalimike. Wageni wakivua ngege wakubwa, waruhusu wawachukue wakawale, maana wakubwa hao hawamezeki tena. Wawindaji wakionekana wembamba, vichwa vikubwa kuliko miili, malisho yamekwisha: punguza wawindaji kabla hujakimbilia kununua chochote.

Nilimweleza mzee haya yote, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Sasa hawa kambare niwafanyeje?"

Nikamwambia wakubwa awavue ale, na wadogo waliobaki, kama wapo, awapelekee wavuvi wa Katosi. Huko, mzee wangu, ndiko wanakoitwa chambo.